Kibuyu Nyuma ya Goli

Baba Kulwa,

Leo Jumapili sikwenda kanisani. Nimekaa mlangoni natazama kaburi lako, na yule ndama mweusi amelala juu yake tena. Nimemfukuza nimechoka. Uliwapenda ng'ombe kuliko watu, basi mvumiliane. Nina jambo la jana na sina mwingine wa kumwambia, kwa sababu balaa lenyewe uliniachia wewe.

Kwanza za nyumbani. Mvua ilichelewa, pamba ikatoka fupi, lakini imetoka. Kulwa na Doto wamerudi kazini kwao Mwanza, wanapiga simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Nakula. Tatizo ni uji wa asubuhi. Bado nakoroga wa watu wawili, halafu nakaa nao nimeukasirikia. Mwandoya nzima inanipa pole, na mimi nawajibu mhola, mhola, ni salama tu, wakati hakuna mhola wowote.

Sasa kibuyu chako. Hapa usikasirike. Matanga yalipokwisha nilikishusha kutoka ukutani, nikamwaga yale majivu, nikakisugua kwa maji ya moto, nikakifukiza, nikakifanya cha mtindi. Kibuyu kizuri vile, na shingo yake ile, kikae bure kwa ajili ya mpira? Mji mzima ulikuita fundi mkuu wa kamati ya ufundi. Ulikaa nyuma ya goli letu kila mechi, kibuyu mapajani, umenyamaza kimya, na watu wakaapa kwamba timu inashinda kwa dawa yako. Mimi peke yangu nilijua kwamba ni majivu ya jikoni kwangu na magadi kidogo. Ulinichekea ukasema, "Mama Kulwa, dawa ni miguu yao. Hii ni ya kuzuia meno yasigongane." Mjanja wewe. Heshima yote ile ukaivuna kwa majivu.

Alhamisi akaja mwenyekiti wa timu. Akakaa kwenye kigoda chako bila kukaribishwa. "Mayu, mwadila," akanisalimu kama mama yake. "Kile kibuyu cha mzee kipo?" Nikasema kipo. Sikudanganya, kipo kweli, wakati ule kilikuwa kimejaa. Ndipo akanieleza: Jumamosi mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, Bariadi mjini, na wenyeji wenyewe. Vijana wakishinda wanapanda daraja. Sare haisaidii kitu. Na wamegoma kuingia uwanjani bila kibuyu, wa kwanza kugoma ni Masanja, golikipa. Dawa ya fundi haishikwi na mtu baki, akasema mwenyekiti, anashika mke.

Nilitaka kumwambia ukweli palepale. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikakumbuka macho yangu.

Unajua yalivyo. Miaka yote hii napikia kinyesi cha ng'ombe kwa kukosa kuni, na tangu uondoke ndiyo kabisa, moshi umepata mwenzake, machozi. Ni mekundu kama pilipili. Na unajua kwetu mjane wa umri wangu mwenye macho haya anasemwaje, kwamba ni mchawi. Shangazi yako Nkwimba alihama kijiji kwa ajili ya macho tu, na alikuwa na bahati, maana wengine hawakupata nafasi ya kuhama. Nikisema hakuna dawa na timu ikashindwa, nimewanyima. Nikibeba na timu ikashindwa, nimewafunga. Kwenye mechi ya mpira, Baba Kulwa, kuna timu mbili, lakini ile ilikuwa na mimi wa tatu, na mimi sikuwa na pa kushindia.

Nikabeba. Na nikabeba na mtindi wake ndani, kwa sababu kibuyu kitupu kingekuwa chepesi na mwenyekiti angekijua mara moja. Nikakifunga kwa kitenge, nikapanda fuso pamoja nao.

Uwanja ulikuwa umejaa hadi juu ya kuta. Nikaketi mahali pako, nyuma ya goli, kwenye vumbi. Kabla ya filimbi Masanja akaja, akainama, akagusa kitenge kama alivyokuwa akikufanyia wewe. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lile. Nikamwonea huruma nikataka kulia, nikajizuia, maana macho yangezidi.

Tukatangulia kufunga. Vijana wetu wakaja mbio wote, si kwa aliyefunga, wakaja kwangu, wakaninyooshea mikono. Wallahi ningewachapa. Pale ndipo watu wa mjini waliponiona. Nikasikia nyuma yangu, kwanza kwa kunong'ona, "Muone macho." Kisha kwa sauti. Kisha jiwe dogo likaanguka karibu na kanga yangu, nikajifanya ni kuku amepita.

Mapumziko yakaisha, timu zikabadilishana magoli. Hapo mambo yakaharibika, kwa sababu sasa aliyetakiwa kusimama mbele yangu ni golikipa wao. Akakataa. Akasimama katikati ya uwanja, akaninyooshea kidole, akasema hachezi mbele ya yule mama. Mashabiki wao wakashuka kutoka kwenye kuta. Wetu nao wakaja, mwenyekiti akipiga kelele kwamba mtu asiguse kibuyu, kana kwamba ananisaidia. Refa akaja na askari. Askari akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, humo ndani kuna nini?"

Niliogopa, mume wangu. Sijaogopa hivyo hata siku ile ya hospitali, maana siku ile nilikuwa nakuogopea wewe. Meno yaligongana, nikayasikia. Upande huu wapo wenye mawe. Upande ule wapo vijana wetu wananitazama kwa moyo wao wote, na moyo huo ulikuwa umo kwenye kitenge changu. Nikinyamaza, jina la mchawi litafika Mwandoya kabla ya fuso. Nikifungua, nawavunja.

Nikafungua.

Nikachomoa kizibo cha gunzi, nikakiinua, nikanywa. Nilikunywa muda mrefu kwa sababu sikujua nifanye nini nikimaliza. Mtindi ukanitiririka hadi kwenye nguo ya msiba. Nikasikia hata mbuzi huko nje ya uwanja. Nikajifuta, nikasema, "Ni mtindi. Nani ana kiu?"

Hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja wa mjini, muuza karanga, akaja na sinia lake kichwani. Akanusa. Akasema, "Mabele! Maziwa, jamani!" akanywa funda moja, akacheka cheko la kike lile ambalo halizuiliki. Kicheko kikapanda kuta. Askari naye akacheka, akakifanya kikohozi. Golikipa wao akaenda golini kwake akiona aibu.

Lakini wetu hawakucheka. Masanja alikuwa goli la kule, mbali, amesimama mikono kiunoni. Nikasimama, mimi mjane mzima, nikapaza sauti, "Dawa ni miguu yenu! Yeye mwenyewe ndiye aliyesema!" Siri yako nimeitoa hadharani, Baba Kulwa. Usiponisamehe, utaniambia tukikutana. Sijui kama Masanja alisikia.

Wakasawazisha. Halafu wakapata penalti, nikafunika uso kwa kitenge, nikachungulia kwa pembeni. Masanja akaruka akaidaka. Aliidaka kwa mikono yake mwenyewe, bila dawa ya mtu. Mwishoni kabisa mshambuliaji wetu akapiga shuti mbele yangu palepale, likagonga mwamba, nikasikia ule mlio hadi kwenye meno. Filimbi ikalia. Bao moja kwa moja. Hatukupanda.

Njia ya kurudi kwenye fuso ilikuwa ndefu. Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Nilijua kuna mmoja atasema nimewaroga, na akishasema mmoja, wamesema wote. Nikaegemea tairi nikasubiri. Masanja akaja akasimama mbele yangu, glavu kwapani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikakaza moyo.

Akasema, "Mayu, kimebaki?"

Nikampa. Akanywa, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Kikazunguka timu nzima. Mwenyekiti akanywa wa mwisho, akasema umechacha vizuri. Kikanirudia kitupu. Nikalia pale mbele yao, macho yakawa mekundu yalivyotaka, na hakuna aliyeyatazama vibaya.

Basi, pumzika. Ndama nimemwacha, akupashe joto. Nakuahidi msimu ujao nitakuwepo, lakini sitakaa nyuma ya goli, nitakaa na wanawake, na nitaleta vibuyu viwili maana kimoja hakikuwatosha. Kesho nitajaribu kukoroga uji wa mtu mmoja.

Meno yangu yametulia.

Mama Kulwa wako.