Milango Minne ya Mwanangu

Mwanangu ndiye aliyetengeneza mlango wa lile gari jipya la umeme ambalo kila mtu analizungumzia, na si mlango mmoja, ni yote minne, na nataka hilo lijulikane kabla sijamsalimia mtu.

Sasa salamu. Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ya kwako nimeipokea hukohuko uliko. Naomba msaada, na usinione nina majivuno, ni mambo tu yalivyo. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli na makoti ya hospitali, nina wanawake wanaofua chini yangu, na kwa sabuni hiyohiyo nimesomesha mtoto mpaka akawa injinia, sasa mtaani hawaniiti tena jina langu, naitwa Mama Injinia, hata mwenye nyumba ananiita hivyo, na yule si mtu wa kuita watu vizuri.

Kiwanda anachofanyia kazi kilimpa gari moja alitumie kwa majaribio, wenzake wangejionyesha nalo mjini, yeye akaliendesha moja kwa moja mpaka uani kwangu, akanipa kadi, maana ufunguo halina, akaniambia, "Mama, umebeba mashuka kichwani ya kutosha." Mshauri, nililia mpaka pasi ikaunguza foronya, na mimi sijawahi kuunguza foronya. Kuendesha najua, pikapu ya marehemu mume wangu niliiendesha mimi mpaka ikafa.

Gari lenyewe ni zuri. Narudia, ni zuri. Halina moshi, halina kelele, na hiyo kutokuwa na kelele ndiyo inanifanya nipite mitaani nimeshusha kioo nikisema nipisheni jamani niko nyuma yenu, kwa sababu watu hawasikii kitu kinakuja, kuku nao hawasikii. Paa lote ni kioo, ukikaa unaiona mbingu, na jua nalo linakuona. Tairi la akiba halina, kuna kopo la povu la kuziba pancha. Nikilichomeka kwenye umeme pasi zinapoa, kwa hiyo kila siku nachagua, ama mashuka ama gari. Na mbele ya dereva hakuna kitufe hata kimoja, mainjinia waliving'oa vyote wakaweka kioo kimoja kikubwa kama dirisha la duka, ukitaka upepo unagusa kioo, ukitaka waipa unagusa kioo, ukitaka kufungua kile kidroo cha kuwekea leso unagusa kioo, na kioo kinataka ncha ya kidole, na mimi ncha za vidole vyangu zilikwisha zamani kwenye pasi na sabuni, zimekuwa kama mgongo wa kijiko, nikigusa kioo hakinitambui. Siku moja mvua ilinikuta barabarani nikaegesha pembeni nikawasha waipa kwa pua. Nilimpigia mwanangu simu kumweleza, kwa upole, nikaanza kwa kusifia viti. Akasema, "Mama, utazoea."

Mimi ni mtu wa kuzoea. Kilichonifanya nishike kalamu ni mlango.

Kishikio cha mlango huo hakijitokezi nje kama vishikio vya magari mengine, kimezama ndani ya bati, mlango mzima ni laini, ukija na kadi yako kishikio kinatoka chenyewe kama ulimi, ukiingia kinarudi. Huo ndio utaalamu wa mwanangu. Alinieleza kwamba kishikio kikijitokeza kinakwaza upepo, na upepo ukikwazwa umeme unaliwa bure. Nilimwuliza umeme kiasi gani, akasema kidogo. Tena kabla hawajaanza kuutengeneza alikuja likizo na kipande cha mlango kwenye kibao, akakiweka mezani, akaniambia mama jaribu, mimi nilikuwa na mapovu mpaka kwenye viwiko sikutaka kumharibia kitu chake, nikakitazama nikamwambia tangu nizaliwe sijaona mlango mzuri kama huo, akafurahi, akaenda kuwaambia wakubwa wake kwamba mlango umejaribiwa na mama mtu mzima mwenye mikono ya kazi na haukumsumbua. Kwa hiyo kiwandani wananijua. Wakubwa wake wakikutana naye wanamwuliza hajambo yule mama.

Sasa sikiliza. Juzi nilikwenda kuchukua mashuka hotelini, nikamchukua na wifi yangu, dada wa marehemu, anisaidie kuhesabu. Wifi yangu ni mwanamke wa mwili na wa maneno, alikaa kiti cha nyuma na marobota kwa sababu alisema viti vya mbele ni vya watumishi. Tulipofika uani nikashuka na robota moja, nikausukuma mlango kwa nyonga ukafunga, nikaenda kuliweka. Kurudi, gari limelala. Taa zimezima, kioo cheusi, vishikio havitoki. Nikaipapasa ile milango kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Wifi akabonyeza kitufe cha kutokea, nacho kinategemea umeme, kimya. Baadaye niliambiwa kwamba gari lina betri kubwa ya kuliendesha na betri ndogo ya kufungulia milango, ile ndogo ndiyo iliyokufa, hiyo kubwa ilikuwa imeshiba kabisa.

Jua lilikuwa la mchana, na paa ni hilo la kioo. Nikampigia mwanangu. Akasema nisiwe na wasiwasi, walishalifikiria, shangazi anyanyue zulia la mfuko wa mlango wa nyuma, chini yake kuna kifuniko, akibandue, ndani kuna uzi mwekundu, auvute. Nikamwuliza watu wanajuaje hayo, akasema yameandikwa kwenye maelezo. Maelezo yako wapi? Yako kwenye kioo.

Nikamweleza wifi, hasikii. Kile kioo cha dirisha ni kinene, injinia mwingine alikitengeneza hivyo ili mtu asisumbuliwe na kelele za nje. Nikamwonyesha kwa vidole, zulia, kifuniko, uzi, vuta. Yeye akanionyesha ngumi. Nikamwona anasema, anasema, jasho linamtiririka, na katika miaka yote ya uwifi wetu hiyo ndiyo mara ya kwanza ameongea mbele yangu nisisikie neno, na sikufurahi, mshauri, naapa, maana midomo yake ilianza kugeuka rangi na yeye ana kifua. Mimi na wanawake wangu tulichukua jiwe la kusugulia miguu tukagonga dirisha, halikuvunjika. Mwisho akajipenyeza katikati ya viti kwenda mbele, yule mama na mwili ule, akapapasa huku na huku mkono ukaangukia kiwenzo cha kuvuta ambacho hata mimi nilikuwa sikijui, mlango wa dereva ukafunguka, akatoka magoti kwanza. Akakaa chini kwenye beseni lililopinduliwa. Tulimmwagia maji. Alipopata pumzi hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema taratibu, "Mwambie mwanao shangazi yake yuko hai."

Mwanangu alipopiga tena nilimwambia kwamba shangazi ametoka, kwamba alicheka sana, na kwamba ule uzi aliuona mara moja.

Usinihukumu bado. Kuna sherehe ya kulizindua gari, kiwandani, Jumamosi, kutakuwa na kamera, wakubwa wameomba nipande jukwaani niwaambie watu kwamba mlango huu unafunguka kwa mkono wa mama yeyote. Mwanangu akitoka hapo anafanywa mkuu wa milango yote ya kiwanda. Nimeshawaalika ndugu wa pande zote mbili, majirani, mpaka mwenye nyumba, kitambaa cha gauni kiko kwa fundi. Na wifi amenitumia ujumbe kwamba nikisema uongo juu ya jukwaa atasimama palepale katikati ya watu aeleze. Nikisema kweli namwaibisha mwanangu mbele ya mabwana zake siku yake kubwa. Nikisema uongo, wifi atamwaibisha vibaya zaidi. Nikiugua siku hiyo nitakuwa nimemsusia. Nifanye nini, na kama kuna namna ya kumnyamazisha wifi bila ugomvi naomba uniandikie hiyo kwanza.

Mimi Mama Injinia

MSHAURI ANAJIBU

Mama Injinia, hongera kwa mtoto. Naisema mara moja, na ya kutosha.

Wifi yako humnyamazishi. Huyo mama alikuwa anakosa pumzi ndani ya milango ya mwanao, wewe ukamwambia mwanao kwamba alicheka. Kabla ya yote, nenda kwake. Usimpelekee zawadi wala maelezo. Mwambie, "Wifi, nilikusingizia kicheko, nisamehe," halafu nyamaza, mwache aseme yote, na safari hii usikilize.

Sasa tuje kwa mtoto. Una mtoto mzuri na mlango mbaya. Hivyo ni vitu viwili, wewe ndiye uliyevishona pamoja mpaka ukigusa kimoja unaona kingine kinachanika. Mwanao alikuletea kile kipande cha mlango kwa sababu alikuwa hajui. Alitaka mikono. Wewe ukampa sifa, naye akazipeleka kiwandani kama majibu, na leo mabwana zake wanaamini mlango umepimwa. Haujapimwa na mtu yeyote ila wifi yako. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nawe mpaka sasa umechelea, na aliyelia ni shangazi mtu.

Usichanganye malalamiko yako, mama, maana ukiyamwaga yote atakujibu lile jepesi. Kimya cha gari utakizoea, na watu nao watajifunza kuangalia nyuma. Pasi na gari kugombea umeme, mwite fundi umeme, hilo ni la nyaya za nyumba yako. Kopo la povu ni la kuudhi. Kioo kisichotambua kidole kilichofanya kazi ni aibu ya waliokitengeneza, hilo mwambie, na la pua usimfiche, alisikie hivyohivyo lilivyo. Lakini mlango usiuweke kwenye kapu moja na hayo. Mlango si kitu cha kuzoea. Mtu aliyefungiwa ndani hana muda wa kuzoea. Siku gari hilo litakapogongwa barabarani na dereva kuzirai, mpita njia hatakuwa na kadi wala hatasoma maelezo, ataweka mkono pale ambapo watu wote huweka mkono, na hapo atakuta bati laini.

Wala usikubali akujibu kwa habari ya umeme. Umeme unazungusha magurudumu, na unayazungusha vizuri. Hakuna aliyeulazimisha umeme ufungue na mlango. Hilo lilichaguliwa na watu, mezani, wakiufikiria upepo, na lililochaguliwa na watu linabadilishwa na watu. Gari linaweza kwenda kwa umeme na bado likawa na kishikio cha kushika.

Kuhusu jukwaa. Unaogopa utamwaibisha mwanao siku yake kubwa. Basi usiingoje siku hiyo. Kweli ikisemwa mapema nyumbani ni ushauri, ikisemwa jukwaani ni fedheha, na ikingojwa isemwe na ajali haina jina. Mwite aje. Usimwambie kwenye simu, kwenye simu wewe huanza na viti. Akifika, usimhutubie. Mkalishe kiti cha nyuma, betri ndogo ikiwa imechomolewa, na fundi wa betri akiwa amesimama pembeni tayari kuirudisha, maana hatutaki kuua injinia. Aanze kwa kutafuta huo uzi wake mwenyewe. Halafu atoke asimame pembeni, gari liwashwe, wanawake wako waje mmoja mmoja kutoka kwenye mabeseni, mikono imelowa, mtu na robota lake, mwingine na mtoto mgongoni, kila mmoja afungue mlango aingie, aufunge, atoke. Mwanao asiruhusiwe kusema neno utazoea. Asisaidie. Atazame tu. Namjua mtu wa namna hiyo: aliyekumbuka kichwa cha mama yake chini ya mashuka hatashindwa kuona mikono ya mama yake mlangoni. Akishaona, kazi ya kuwaambia mabwana zake ni yake, na kusema kweli hiyo ndiyo kazi ya mkuu wa milango. Wakimnyima cheo kwa sababu hiyo, atakuwa amekosa cheo. Vyeo hutolewa tena.

Wakikataa kuubadilisha mlango, wewe jukwaani hupandi. Mwambie siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, ili wasiseme uliwasusia: watafute mama mwingine wa kusema hayo. Gauni lako usiliache kwa fundi, livae, ukae na ndugu zako kwenye viti, umpigie makofi mwanao kwa yale yanayostahili makofi.

Jumamosi ni ya kiwanda na kamera zao, iache huko. Wewe andaa ya kwako kabla yake, hiyo ya kujaribu milango, uani, kwenye mabeseni. Mwalike mwanao, waalike wanaofua, mwalike na mwenye nyumba kwa kuwa anapenda kuja, na kiti cha mbele kabisa mwekee wifi yako, kwa sababu katika nyumba yenu yeye ndiye asiyejua kusema "nzuri" kabla hajashika. Waambie wote wasichelewe, jua likiwa bado kali: Jumatano, saa nane mchana.