Makaa ya Chai Chini ya Injini

Nekesa, mjukuu wangu mpenzi,

Sisi huku Endebess tu wazima, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Unaniuliza nilijuaje kwamba babu yako ananipenda. Hata sijui nikujibu vipi!

Ilikuwa kabla ya uhuru, wiki moja tu baada ya harusi, nami nilikuwa natabasamu hata nikichota maji. Babu yako alikuwa dereva kwenye shamba la mzungu. Mama yangu aliugua kule Bungoma, tukaazimwa gari la dizeli. Baridi ya asubuhi ile! Gari likakataa kuwaka. Babu yako akaingia jikoni, akachukua makaa yangu yote, chai haijachemka, akayasukuma chini ya injini. Nikaona tutalipuka. Nikayamwagia maji!

"Wewe! Si nilikuwa napasha oili iliyoganda kwa baridi?" akasema. "Sasa mama atangoja."

Nikalia. Akavua koti lake, akanivika, akawasha makaa upya, akitetemeka kwa baridi.

Gari likawaka, na Bungoma tulimkuta mama yu macho. "Anakutunza?" akaninong'oneza. Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Nadhani nilijua hapo, mpenzi, ama nilijua nilipojisikia nikijibu.

Nakukumbatia sana,
Kukhu wako