Vyuma Vilivyosuguliwa kwa Makumbi

Mama Zuleica,

Nimekwenda gereji. Samaki yuko chunguni, nimemfunika. Paka asipewe kichwa, ni changu.

Asubuhi nimekuta vyuma vyangu umevianika uani, karibu vyote vinang'aa kama sahani za sikukuu. Mama, zile hazikuwa takataka. Kila kimoja nilikipaka rangi yake, nikavilowesha katika beseni la maji ya bahari tangu mwezi uandame, nione ipi inazuia kutu. Leo Khamis anataka jibu, gari lake lipakwe chini kabla halijarudi kwenye matope ya Pundanhar. Nikikosa jibu, atampelekea Haruna, fundi anayepaka chochote kinachometa. Nawe umevisugua kwa makumbi na majivu.

~~Usiguse tena vitu vyangu.~~

Nimevitazama upya. Rangi ya mafuta imetoka yote. Lami imetoka. Ile ya maboti haikubanduka hata kidogo, na mkono wako naujua. Basi Khamis nitampakia hiyo.

Najua beseni lilikuwa lako la kuoshea mchele. Nitanunua jingine. Jioni naleta vyuma vya bampa. Tafadhali visugue kwa hasira ileile.

Baba Zuleica