Neno la Mwenye Saluni

Baba Pacha,

Huku tu wazima, ila mimi nusunusu, na sababu utaiona. Watoto wameanza kung'oka meno. Bomba la jikoni nimeliziba mwenyewe.

Ofisi yetu ya mahesabu naishikilia tangu uende kufungua tawi. Matapeli wa simu wamezidi. Wanajiita watu wa kodi, wateja wanatetemeka. Lakini ule mpango wako wa kumpa kila mteja neno lake la siri, tulitaje sisi kwanza kila tukimpigia, umeokoa wengi.

Jana kaja yule mteja mwenye saluni, unayempigia wewe mwenyewe siku zote. Marashi yake yalifika kabla yake.

"Shemeji, tapeli kanipigia! Eti saluni yangu inafungwa leo nisipotuma pesa. Nikamwambia taja neno langu kwanza. Akababaika, nikamkatia." Akacheka mpaka machozi. "Angelijulia wapi? Nani angedhani mtu wa mahesabu ananiita Kiberiti?"

Nikamkaribisha chai. Sukari nusu iliishia mezani.

Kiberiti ni mimi. Uliniita hivyo tangu uchumba, kwa hasira zangu. Najua utajitetea kwamba ulitafuta neno usiloweza kulisahau. Si ungempa sufuria? Si ungempa ngazi?

Sasa sikiliza. Ukipiga simu nyumbani, nitakudai neno kabla ya salamu. Tafuta jipya. Ukilitaja lile, nitakukatia kama tapeli mwingine yeyote.

Mkeo bado,
Mama Pacha