Nywele za Rukia

Malindi, Jumamosi, Mei 1986.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, nami tangu adhuhuri sina raha.

Leo nimemnyoa mtoto wa Mei. Mei ni jirani yangu Mchina; mumewe ni mpishi katika mkahawa wa watalii. Mwanawe ametimiza mwezi, na kwao hiyo ndiyo siku ya kumnyoa mtoto nywele alizozaliwa nazo. Mama yake Mei yuko Hong Kong, na hapa hana jamaa wa kike, basi akanijia mimi. Nilifurahi, sifichi.

"Utosini usiguse, dada," akaniambia. Kwao huachwa kishungi kidogo pale panapodunda.

Nilipomaliza nikazizoa nywele, nitafute pa kuzifukia kama tufanyavyo sisi. Mei akanishika mkono. Akazifunga kwa uzi mwekundu. Zitapelekwa kwa bibi yake mtoto, azitengenezeshe brashi ya kuandikia. Lakini haitaandika kitu. Itawekwa tu, mtoto akikua apewe.

Watu wana mambo! Nywele za mtoto kuziweka kabatini!

Kisha akaniuliza, "Na wewe, dada, uliweka nini cha mwanao?"

Nikamjibu kwamba sina kitu.

Nilisema uwongo.

Rukia wangu hakufikisha mwaka, homa ilimchukua. Hata picha hakupigwa. Lakini nywele zake za akika, marehemu mavyaa wangu alizifukia uani, akapanda mche wa mnazi papo hapo. Mambo hayo ni ya wanawake, mume wangu Athumani hakuambiwa. Na mnazi huo ndio anaotaka kuukata Jumatatu, ajenge chumba cha kupangisha. Vigingi keshapigilia. Wiki nzima namsihi auache, nasingizia madafu. Ananicheka, ananiambia madafu yamejaa sokoni.

Jina la mtoto hatujalitaja humu ndani tangu matanga. Nilidhani nikilitaja nitamuumiza Athumani.

Jioni nikamwandalia chai na mayai aliyonipa Mei. Kwao siku hiyo huyachemsha wakayapaka rangi nyekundu. Athumani akageuzageuza moja.

"Kuku gani huyu, mke wangu, anayetia mayai hina?"

Nikamweleza ya Mei na ya brashi. Nikajikuta nimefika kwa Rukia, na machozi yananitoka. Nilieleza yote.

Athumani alikaa na lile yai mkononi hata nikadhani ameghadhibika. Kisha akavaa makubadhi, akachukua mwavuli.

"Mama alizifukia upande gani?"

Nikatoka naye, nikamwonyesha. Akachutama pale, mwavuli umelala chini, mvua inamnyea, akaweka kiganja juu ya udongo. "Rukia," akasema. Halafu akaanza kuving'oa vigingi, kimoja kimoja.

Kesho nitampelekea Mei madafu, nimwambie yametoka kwa nani.