Safari ya Kwenda Kutoa Jina

Jumatatu, 1 Agosti 1955

Nimeamka kabla ya wote humu melini. Kama kawaida. Nimetawadha, nimeswali, nimefungua fundo moja la kamba. Yamebaki manane. Ndio sasa naandika.

Kamba yenyewe ya ukindu. Dada yangu mkubwa, Asumini, aliileta Dar es Salaam kwa mkono wa msafiri, nikiwa kwa binti yangu. Kila fundo siku moja. Siku nitakayofungua la mwisho, mtoto anatimiza arobaini. Ananyolewa, anatolewa nje, anatajwa jina. Mtoto wa Hadija, kitinda mimba wa Asumini. Wa kiume. Kwetu wamezaliwa wasichana saba mfululizo, sasa huyu.

Wanangu mimi ni wa ukoo wa mama yao, ndivyo tulivyo sisi Wamwera. Huyu ndiye wa kwetu. Na mjomba mkubwa ni mimi, hakuna mwingine. Jina natoa mimi. Nampa langu. Nandimbo.

Meli kubwa. Nimeizunguka mara tatu. Wengine wanashika vyuma wakitembea. Mie sishiki.

Alhamisi, 4 Agosti

Bahari ilichafuka baada ya Kilwa. Sikuandika. Watu walitapika sana. Mie nililala tu.

Kuna mama mmoja wa Mikindani, muuza vitumbua, tumepakana mikeka. Anasema nililala huku nalia namwita marehemu mama yangu. Mwongo. Ila ndimu yake niliinyonya. Ndimu nzuri.

Leo nimefungua fundo. Yamebaki saba.

Nimepanga safari ya baada ya meli. Nimeuliza kwa karani wa meli, na naandika hapa nisisahau, ingawa mie sisahau. Kesho Ijumaa tunashuka Mtwara. Treni ya abiria ya kwenda Nachingwea iko ya Jumamosi na iko ya Jumanne. Nitapanda ya Jumanne. Inafika jioni. Jumatano lori, Nachingwea mpaka Ruangwa. Nalala kwa Asumini, nafua kanzu. Alhamisi natoa jina. Mpango umekaa sawasawa, kama reli.

Mama wa vitumbua akaingilia, hakuna aliyemuuliza. "Si upande hiyo ya Jumamosi, baba, ukangojee kwenu? Mtwara unabaki kumngoja nani?"

Nikamwambia reli ile nimeitandika kwa mikono hii wakati wa ule mradi wa karanga wa Waingereza. Hakuna wa kunifundisha kuipanda.

"Haya. Usije ukamkuta mtoto ameshaota meno."

Watu wote wakacheka. Mie pia kidogo.

Ijumaa, 5 Agosti

Mtwara. Meli imefunga gatini, tumeshuka kwa ngazi kama watu wa maana. Nchi kavu inayumba. Nilidhani ni mimi peke yangu, nikamwona mama wa vitumbua naye kashika ukuta. Nimefurahi.

Nimefikia kwa Bakari. Tulitandika reli pamoja, sasa yeye ni mzee wa kukaa na wajukuu. Amezeeka kuliko mimi. Nimemwambia. Na yeye ameniambia hivyo hivyo.

Mafundo sita.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekwenda stesheni makusudi kuitazama treni ikiondoka. Imeondoka bila mimi. Nimeipungia mkono.

Nimewaeleza watu pale jinsi tulivyotandika. Mmoja akauliza kama nilikuwa nyapara. Nikasema nyapara alikuwa akiniuliza mimi. Mchana tumekula pweza. Mafundo matano. Maisha mazuri sana ukipanga mambo yako.

Jumapili, 7 Agosti

Siku mbaya.

Baada ya chakula nimemsomea Bakari na mkewe daftari hili. Nilitaka wasikie. Nimesoma kwa sauti, vizuri, bila kukwama ila mahali pawili. Nilipomaliza Bakari hakusifu. Akauliza, "Jumanne iko wapi?"

Nikamwambia Jumanne ndiyo treni.

"Si hiyo. Iliyopita. Umesoma Jumatatu, halafu Alhamisi. Jumanne na Jumatano ulikuwa wapi?"

Nimelala, nikasema. Bahari.

"Na kamba alikuwa anafungua nani?"

Nikaitoa kamba.

Bakari akahesabu kwa vidole. Nikamwambia hajui kuhesabu. Nikahesabu mimi. Nikahesabu mara nne, mara ya nne kwa punje za mahindi za mkewe. Kamba inasema siku nne. Zimebaki mbili. Mtoto anatolewa Jumanne. Na Jumanne ndiyo kwanza treni ya abiria inaondoka hapa.

Nimemkasirikia Bakari. Halafu bahari. Halafu kamba. Nimefungua mafundo mawili kwa meno.

Niandike sababu ya hofu. Yuko Mzee Chilala wa Ruponda, babu wa mtoto kwa upande wa baba. Zamani askari. Alishasema mbele za watu: mjomba akikosa, nitataja mimi. Na anayo haki. Kwetu jina hutajwa kabla jua halijapita utosini, na mzee aliyepo ndiye anayetaja. Likishatajwa limetajwa. Huwezi kuja kesho ukasema lifuteni.

Chilala mtu mwema. Lakini mtoto wa kwetu kuitwa Chilala, hapana. Mie nikifa jina langu linakwenda wapi?

Pweza wa jana bado yupo. Sijamgusa.

Jumatatu, 8 Agosti

Naandika nimekaa juu ya mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Behewa linatikisa, herufi zinaruka. Si kosa langu.

Alfajiri tulikwenda stesheni, mimi na Bakari. Kuna treni ya mizigo ya saa kumi na mbili. Gadi, msimamizi wa treni, akasema hachukui abiria. Nikamwambia mimi nani. Hajanisikia. Nikamwita mwingine anitambue, hanijui. Nikawauliza stesheni nzima. Hakuna. Ni miaka michache tu imepita, na reli naiona pale pale nilipoiacha! Hilo limeniuma kuliko kukataliwa.

Bakari mdomo wake mdogo lakini una kazi. Yeye hakusema habari za zamani. Alikwenda kwa nyapara wa watengeneza njia, waliokuwa wanapakia mataruma behewa la nyuma. Nyapara alikuwa amepungukiwa mtu, mmoja kateguka mgongo. Bakari akasema, "Huyu mzee anabeba."

Nyapara akanitazama miguu mpaka kofia. "Huyu? Huyu si wa kubebwa?"

Nikashika ncha ya taruma. La kwanza halikuinuka. Vijana wakaguna. La pili mwili ukakumbuka wenyewe: hubebi kwa mgongo, unabeba kwa mapaja. Likapanda. La tatu nikaanzisha ule wimbo wetu wa kunyanyulia, nao wakaupokea. Wanaujua! Mtu hawamjui, wimbo wanao.

"Panda, babu," nyapara akasema. "Lakini kila tunaposimama unashusha."

Tumesimama mara nne. Nimeshusha mara nne. Viganja vimetoka malengelenge. Wamenipa uji na muhogo wa kuchoma. Wananiita Babu Taruma. Nimewaonyesha kona niliyoitandika mimi. Kijana mmoja akasema ndio maana pale gari linayumba. Tumecheka mpaka nyapara akatukaripia, halafu akacheka na yeye.

Nimechoka. Naandika neno hilo mara moja tu.

Sasa usiku. Tumeingia Nachingwea wakati wa magharibi. Lori la Ruangwa limeshaondoka. Lingine kesho asubuhi. Nitajilaza baraza ya duka. Kamba imebaki fundo moja, nalo nitalifungua kesho, sithubutu leo.

Jumanne, 9 Agosti

Naandika jioni, kwa Asumini. Niandike yote.

Alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye lori. Magunia ya ufuta yamepakiwa, dereva yuko ndani, lori haliondoki. Mpaka lijae watu, anasema. Tuko watatu. Jua linapanda. Nikamwomba. Nikamgombeza. Nikamwambia habari za mtoto. Akasema ana watoto sita, wote wana majina, na lori halijawahi kuondoka tupu kwa ajili yao.

Basi nikashuka nikaingia sokoni kutafuta abiria mwenyewe. Mie, mtu mzima! Nimeita kama mnadi samaki. Mama mmoja alikuwa aende Ruangwa kesho, nimembebea kuku wake mpaka kwenye lori kabla hajakubali. Bwana harusi mmoja na ndugu zake wanne. Mzee mwenye baiskeli, nikamwambia baiskeli nayo ina nafasi. Saa mbili lori limejaa. Utingo akasema nibaki niwe mwenzake.

Njiani vumbi tupu. Nikaanza kufurahi. Hapo hapo mpira ukapasuka.

Utingo akatoa mpira wa akiba, nao umekufa zamani. Wakakaa chini kuziba. Nikatazama jua. Kijiji chetu kiko kabla ya Ruangwa, ukiacha barabara ukakata mashamba ya mtama si mbali sana kwa kijana. Mie si kijana. Nikakata.

Nimekimbia mahali pa kukimbia. Nimeanguka mara moja, hakuna aliyeona. Mwiba umechana kanzu mpaka kiunoni. Kila nikitazama juu, jua liko pale pale juu ya kofia yangu, kama linanifuata mimi peke yangu. Halafu kivuli changu kikaanza kutokea upande wa pili. Kidogo sana. Lakini nilikiona. Nikajua jua limepita.

Sikusimama. Sijui kwa nini. Ubishi tu.

Nilipofika nyuma ya ghala nikasikia sauti ya Chilala, ile ya kiaskari. "Mtoeni mtoto, mkwe! Jua hilo!"

Nikachungulia. Uwanja umejaa watu. Chilala kasimama katikati, kavaa koti. Na dada yangu Asumini kakaa chini mlangoni, miguu kainyoosha kizingitini, kanga kajifunga kifuani. Hapiti mtu. Ndani mtoto analia.

"Simtoi," Asumini anasema. "Mdogo wangu tangu azaliwe hajawahi kuwahi popote, mkwe. Na hajawahi kukosa."

"Na jua nalo tuliambie likae hapo mlangoni na wewe, mngoje pamoja?"

"Litakaa likitaka. Mkeka upo."

Watu wakacheka. Hapo nikatoka.

Chilala akanitazama vumbi, kanzu, viganja. Akauliza, "Mkwe mwenzangu, umekuja na treni au umeivuta?"

Nikamwambia nimeisukuma.

Akacheka, lakini hakusogea. Akaonyesha kivuli chake chini. Akasema kwa heshima, naandika alivyosema: "Lakini limepita. Desturi ni yenu, si yangu. Jua limepita na mjomba hakuwepo."

Kweli. Nikatazama changu, nacho kimesogea.

Asumini ndiye aliyejibu, bado kakaa chini. "Limepita kwenu mlioko nje. Huyu aliye ndani jua hajaliona tangu azaliwe. Kwake yeye bado asubuhi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaguna, mwingine akaguna. Mwisho Chilala akavua kofia. "Hata jeshini sikukutana na mwanamke kama huyu," akasema. Akanipisha.

Asumini akakunja miguu. Hadija akatoka na mtoto, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Akaniambia, "Mpokee, mjomba." Nikampokea kwa viganja vyenye malengelenge. Nikasema ni mataruma, wasiulize. Mtoto mdogo sana. Nilisahau walivyo wadogo. Nikataja mara tatu, kwa nguvu, Ruangwa wasikie. Nandimbo. Nandimbo. Nandimbo.

Akapiga chafya.

Chilala ndiye wa kwanza kuitikia. Kabla ya ndugu zangu. Nimeliona hilo.

Nililia. Kidogo.

Jumamosi, 13 Agosti

Niko bado kwa Asumini. Viganja vinapona. Nimeshonewa kanzu.

Chilala amekuja asubuhi na mkungu wa ndizi. Anataka kwenda Dar es Salaam kwa mwanawe mwezi ujao, kaja kuuliza meli na treni zinavyokwenda. Nimemweleza yote. Lori siku gani, treni siku gani, meli akae upande gani, asishike vyuma. Anyonye ndimu. Ya kamba sikumweleza. Amesema najua mambo. Amesema kweli.

Mchana umetulia. Wamekwenda mtoni wengi. Mie barazani. Hadija anatwanga uani, mtoto kalazwa mkekani huko huko.

Nimesikia Asumini ananiita kutoka uani. "Nandimbo!" Sauti ile ile tangu tukiwa wadogo tunalinda ndege shambani. Nikaitika. Nikavaa kofia, nikainuka, nikafika mpaka kwenye pembe ya nyumba.

"Nandimbo, umekojoa tena?"

Ameinama juu ya mkeka, anambadilisha mtoto kitambaa. Hakuniona.

Nimerudi kukaa. Baadaye kidogo akaita tena. Safari hii sikuitika. Nimesikiliza tu.