Waite Nyanya Zao Kwanza

Darasa la saba lote tulisimama mbele ya wazazi, kimya kama viazi kwa gunia. Mwalimu alikuwa amepanga masomo ya Kiingereza ya mwaka mzima, na hiyo siku ilikuwa ya kuongea Kiingereza wazazi wakisikiliza. Lakini nani atafungua mdomo baba yake akimwangalia? Nyanya yangu alikuwa amekuja pia, na kwetu nyanya hutania mjukuu wake kama bwana yake. Akapiga kelele, "Bwana yangu, unaogopa bibi yako?" Nikamjibu kwa Kiingereza, "Kaa chini, mzee bila meno!" Watu wakacheka, na darasa yote ikaanza kuongea.

Kerubo, umenizidi miaka, lakini kwa ukoo wewe ni mjukuu wangu, kwa hivyo nisikilize. Umesema wanafunzi wako wa Kiingereza wanakunyamazia, na mpango wako wa mwaka unatakiwa Jumatatu. Weka siku ya nyanya zao kuja kuwasikiliza muhula wa kwanza, ya baba zao mwisho.

Kwetu wazima, ng'ombe amezaa. Wacha niende, nyanya anataka nimpeleke kanisa. Anasema nikichelewa ataolewa kwingine.